Sahihi za Watu Wanane

Hurlingham, Nairobi
14 Septemba 2024

Kwako Shangazi Ndunge,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi hatujambo. Stellah amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, na mtoto anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima inaota meno pamoja naye. Maji ya jengo letu hukatika Jumanne na Alhamisi; tumezoea. Goti lako laendeleaje? Kimanzi wa matatu anasema umeanza kutembea na fimbo lakini unaificha wageni wakija. Avokado ulizompa atuletee zilitosha hata tukamgawia bawabu.

Nakuandikia kwa sababu ulinikataza kukupigia simu kwa jambo la maana. Ulisema simu ni ya kuulizia mvua. Jambo lenyewe ni kwamba nimekabidhiwa kozi yangu mwenyewe chuoni, mwaka wa tatu, wanafunzi sitini na wanne, huku mjini kati. Inaitwa uigaji wa kompyuta. Nikueleze nilivyomweleza Stellah: badala ya kusimama benki kutwa ukihesabu watu kwenye foleni, unaifundisha kompyuta iwe hiyo benki. Inazua wateja wa uongo, wanaingia kwa bahati nasibu, wanangoja, wanahudumiwa, nawe unaona kama benki inahitaji karani wa tano.

Aliyenitangulia alikuwa mpole mno. Kazi ya mtu mmoja ilizunguka darasa zima. Kwa hiyo nimeandika masharti, kurasa mbili, na kuyasoma siku ya kwanza. Kazi ya nyumbani ni kila wiki mbili, na ndiyo nusu ya alama zote. Inafungwa Jumatatu saa kumi na moja jioni. Ukichelewa dakika moja ni sufuri. Maswali ya barua pepe siyajibu siku mbili za mwisho, maana hapo ndipo wavivu huamka. Kunakili ni sufuri pamoja na fomu ya kukiri kosa, na atakayekataa kutia sahihi ataenda kamati ya nidhamu.

Mtego nimeutega hivi. Kompyuta haijui bahati nasibu ya kweli. Lazima uipe namba ya kuanzia, tunayoiita mbegu. Mbegu moja huzaa majibu yale yale, mbegu tofauti majibu tofauti. Nimeamuru kila mmoja atumie namba yake ya usajili. Wawili wakileta majibu yanayofanana hadi tarakimu ya mwisho, nimewakamata bila kusoma hata ukurasa mmoja.

Wewe ulikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minane, na uliponilea sikuthubutu kuchelewa hata kanisani. Unaonaje? Mkataba wangu unaisha Juni, na nataka waniajiri moja kwa moja. Tena, kuna jambo ambalo baba hakuwahi kunieleza: kwa nini uliiacha shule miaka miwili kabla ya wakati?

Mwanao,
Musembi

Mbooni
29 Septemba 2024

Mwanangu Musembi,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya gari, lakini inasomeka. Huku tunamshukuru Mungu. Mvua bado. Wanawake wa kanisa wamenichagua tena kuwa mwekahazina ingawa nilikataa mara mbili. Mpe mtoto kipande cha karoti baridi atafune. Fimbo siifichi, naiweka mlangoni.

Masharti yako nimeyasoma mara mbili na nimeyapenda. Mtoto hulalamika juu ya sheria kali, lakini hupotea kabisa pasipo sheria. Usiwe mwalimu anayebadilisha neno lake kwa sababu mtu amelia ofisini. Nilifunga lango saa moja kamili asubuhi miaka yote hiyo, na wilaya nzima ilijua.

Kuhusu kuacha shule, nilichoka. Mtu huchoka.

Mwambie Stellah avokado za sasa ni ngumu, azifunike na gazeti.

Shangazi yako,
Ndunge

Hurlingham
2 Novemba 2024

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi. Karoti ilifaa, lakini sasa mtoto hataki kitu kingine. Stellah anakohoa kidogo, si jambo la kutisha. Mvua imeshuka hapa siku nne, na barabara ya Argwings Kodhek ilijaa maji hadi watu wakavua viatu.

Mtego umenasa. Kazi ya tatu ilikuwa hiyo ya benki, nami niliwapa faili la kuanzia ili wasihangaike na mwanzo. Majibu ya watu tisa yalifanana hadi tarakimu ya sita. Niliwaita mbele ya darasa baada ya kipindi, nikataja majina, nikaweka fomu mezani. Wanane walitia sahihi. Mmoja, anaitwa Kibe, hata hakuisoma. Aliuliza tu kama kalamu ni ya bluu au nyeusi.

Wa tisa ni Joyline, msichana wa Kawangware ambaye huja mjini kwa miguu na hukaa safu ya mbele. Kazi zake mbili za kwanza zilikuwa safi. Aliichukua fomu, akaisoma yote, akairudisha mezani.

"Daktari, hii kazi ni yangu."

Nikamwambia, "Majibu yako ni ya watu wengine wanane."

"Basi uliza kwa nini. Mimi siwezi weka sahihi kwa kitu sijafanya."

"Unayajua masharti?"

"Nayajua. Nilikuwa hapa siku ya kwanza."

Darasa lilikuwa halijatoka lote. Nilihisi wote wananitazama kuona kama nitalegea. Nikasema jina lake litaenda kamati. Akachukua mkoba wake akatoka bila kugeuka.

Nadhani nilifanya sawa. Nakuuliza tu.

Mwanao,
Musembi

Mbooni
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Tumepata mvua nzuri, mahindi yamechomoza. Kikohozi cha Stellah kisipuuzwe. Tangawizi na asali, na kisipopona aende hospitali.

Ulifanya ulichosema utafanya. Mwalimu hana kingine.

Nimekaa na neno moja katika barua yako. Mtoto anayekataa kutia sahihi ana moja kati ya mambo mawili, kiburi au ukweli. Mimi siku zote nilihesabu kuwa ni kiburi. Wewe usiwe na haraka na hiyo kamati.

Nimeandika kifupi kwa sababu Kimanzi ameshawasha gari.

Ndunge

Hurlingham
11 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Samahani hatukuja Krismasi. Nilikuambia kwenye simu kwamba ni kazi, na ilikuwa kweli nusu. Stellah amepona. Mtoto anasimama akishikilia kochi.

Nusu nyingine ni hii. Tarehe ishirini na tatu Desemba nilikuwa natayarisha muhula mpya, nikafungua lile faili la benki. Mwezi wa kumi, siku ya Jumapili kabla ya kazi kufungwa, nilikuwa nimerekebisha kosa dogo la tahajia ndani yake, nikaliweka tena kwenye tovuti ya kozi. Nilipokuwa nalijaribu niliongeza mstari mmoja wa kuweka mbegu yangu mwenyewe. Nikasahau kuufuta. Mstari huo unafuta mbegu ya mwanafunzi, yoyote ile, na kuweka yangu.

Wanafunzi hamsini na watano walikuwa wameshachukua faili la kwanza. Tisa walichukua la pili. Wale tisa wangekaa katika nchi tisa tofauti na bado wangepata majibu yale yale.

Nilikaa na hilo siku tatu kabla ya kumwambia Stellah. Shangazi, watu wanane walitia sahihi kwamba wametenda kosa ambalo hawakutenda. Hakuna aliyewashika mkono. Mimi niliwaambia mmenakili, nikawapa kalamu, wakaamini kompyuta na wakaniamini mimi kuliko walivyojiamini wenyewe. Hilo linanisumbua kuliko alama.

Joyline hakurudi darasani tangu siku ile. Hakufanya mtihani. Kamati ilimwita mara mbili, hakwenda, wakamwandikia kwamba amesimamishwa.

Nilikwenda kwa Profesa Njuguna, mkuu wa idara. Alinisikiliza vizuri, akafunga mlango. "Musembi, alama zimeshapita baraza la chuo. Ukifungua hiyo mambo, hawatauliza kazi ya tatu peke yake, watauliza kozi mzima, na mwenye kuifundisha. Rekebisha faili. Wale wanane walipita hata na hiyo sufuri. Na huyo msichana alienda mwenyewe."

Kila alilosema ni kweli. Niambie nifanyeje.

Musembi

Hurlingham
16 Februari 2025

Shangazi,

Kimanzi anasema barua ya Januari alikupa mkononi. Amekuja mara nne tangu hapo na hana jibu. Nikipiga simu unaniambia habari za ng'ombe. Kama nimekukosea, sema.

Sisi ni wazima. Mtoto ametembea hatua tatu.

Musembi

Mbooni
9 Machi 2025

Musembi,

Hukunikosea. Niliisoma barua yako nikaiweka ndani ya Biblia, na kwa wiki kadhaa nikawa natumia Biblia ya kanisani.

Sitakuambia la kufanya, kwa sababu unalijua. Mtu asiyelijua haandiki kurasa tatu. Nina swali moja la mwalimu. Mstari huo wa mbegu ulifuta namba za watoto tisa. Mmoja wao anakaa safu ya mbele na kazi zake ni safi. Huyo hakuona? Na kama aliona, hakukuambia?

Goti limepungua. Nafurahi mtoto anatembea.

Ndunge

Hurlingham
13 Aprili 2025

Kwako Shangazi,

Salamu kutoka kwetu sote. Leo ni Jumapili, Stellah amempeleka mtoto kwa dada yake Kilimani ili niandike kwa utulivu.

Swali lako lilinikuta, maana jibu nilikuwa nalo tangu Desemba na nilikuficha. Aliniambia. Jumapili ile ile ya mwezi wa kumi, saa mbili usiku, Joyline aliniandikia barua pepe yenye mistari miwili: majibu hayabadiliki nikibadilisha mbegu, faili lina shida? Niliiona. Sikuifungua, kwa sababu ilikuwa ndani ya zile siku mbili za mwisho ambazo nilisema sijibu. Niliifungua Desemba. Hata kwa Profesa Njuguna sikuitaja.

Barua yako ilipofika nilianza kumtafuta. Mwanafunzi mwenzake aliniambia anauza vifuniko vya simu ndani ya jengo moja Luthuli Avenue, ghorofa ya kwanza. Nilikwenda mara mbili nikashindwa kuingia. Nilisimama nje kama mtu anayemngoja mtu. Mara ya tatu nikapanda ngazi.

Alikuwa anabandika kioo kwenye simu ya mteja. Alinitambua, akaendelea kubandika hadi akamaliza. Nikamweleza yote pale pale, tena nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Hakukatiza. Nilipomaliza akauliza, "Daktari, ile kazi yangu uliisoma?"

Nikasema sikuisoma. Nililinganisha majibu tu.

"Basi enda usome kwanza. Ukimaliza urudi."

Nilirudi ofisini nikaisoma. Shangazi, ilikuwa na kurasa saba. Ukurasa wa nne aliandika kwamba faili la mwalimu linaonekana kuweka mbegu yake lenyewe, kwamba ameuliza na hajajibiwa, kwamba hana kompyuta nyumbani na maktaba inafungwa, kwa hiyo anawasilisha majibu haya akijua kwamba si ya namba yake. Kisha alikuwa ameeleza, kwa hesabu, jinsi ambavyo majibu yangetofautiana kama mbegu ingekuwa yake. Nimesahihisha kazi za wanafunzi miaka sita na sijapata kazi kama ile. Ilikuwa kwenye kabati langu tangu Oktoba, ina sufuri kwa kalamu nyekundu, na mwandiko ni wangu.

Kesho yake nilirudi Luthuli. Nikamwambia nimesoma. Akauliza ukurasa wa nne unasema nini, kama anayempima mwanafunzi. Nikamwambia. Akasema, "Ulinitaja mbele ya watu. Unirudishe mbele ya watu. Hayo mengine ya kamati ni yako."

Ndivyo nilivyofanya. Nililiandikia baraza barua, na ile barua pepe nikaiambatisha. Profesa Njuguna hakukasirika. Aliniangalia tu kama mtu aliyeona gari likiingia mtaroni polepole. Darasa lile sasa wanasomea mambo mengine, nikamwomba mwalimu wao dakika kumi. Wote sitini na watatu waliobaki walikuwepo. Nilisema nilichofanya, nikataja majina ya wale tisa kama nilivyoyataja mwanzo, nikasema hakuna aliyenakili, nikawarudishia wanane fomu zao. Wengine walizichana. Msichana mmoja aliikunja akaiweka ndani ya kitabu. Nadhani mzazi wake alikuwa ameambiwa.

Nilipotoka Kibe alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Daktari, ukweli ni kwamba mimi nilinakili."

Nikamwambia haiwezekani, faili ndilo lililofanya.

"Si hii ya tatu. Ile ya pili, nilibadilisha namba tu. Ndio maana nilitia sahihi, nilidhani umejua."

Sikuwa na sharti lolote la jambo hilo. Nilimshukuru, nikamwambia aifanye upya aniletee, na niliisoma yote. Ni mbaya, lakini ni yake.

Joyline amefutiwa adhabu. Atafanya mtihani maalumu Mei, na utasahihishwa na mwalimu mwingine. Hilo alilitaka mwenyewe. Anaendelea kuuza vifuniko Jumamosi. Hajasema amenisamehe, nami sikumwuliza. Mimi wameniongezea mkataba wa mwaka mmoja, si ajira niliyoitaka, na katika barua yao wameandika "kwa uangalizi". Stellah alilia kidogo, kisha akapika.

Masharti nimeyaandika upya. Bado ni makali. Kazi bado inafungwa saa kumi na moja. Lakini sitampa mtu sufuri kabla sijasoma alichoandika na kumsikiliza tumeketi wote wawili. Mwisho wa wiki sasa najibu barua pepe nikiwa nimembeba mtoto.

Sasa na mimi nina swali. Barua yangu ya Januari uliiweka ndani ya Biblia karibu miezi miwili. Kwa nini?

Mwanao,
Musembi

Mbooni
11 Mei 2025

Mwanangu Musembi,

Sisi wazima. Mahindi yana viwavi lakini tutapata kidogo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi nje, nikamwomba Kimanzi asinisemeshe.

Nilikuambia nilichoka, na sikukudanganya. Sikia sasa nilichochoka nacho.

Mwaka wa 1997, mtihani wa majaribio wa darasa la nane, insha mbili zilifanana neno kwa neno. Mmoja wa wale watoto alikubali kosa, nikamchapa, yakaisha. Mwingine, Nzioka, alisema hakumwibia mtu. Nikampigisha magoti mbele ya shule nzima, nikamtuma nyumbani alete mzazi. Mama yake alimchapa tena, akamrudisha hadi langoni, mtoto akagoma kuingia. Hakusoma tena. Wiki mbili baadaye mwalimu wa Kiswahili akaniambia kwamba ile insha aliiandika yeye ubaoni, akawaambia waikariri, na ni hao wawili tu walioweza. Nilimjibu, "Mambo hayo yamekwisha." Miaka kumi niliamka na neno hilo.

Mwaka wa 2007 Nzioka alikuja kuandikisha binti yake darasa la kwanza. Alivua kofia, akanisalimu, akanipa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilimpa naibu wangu kile cheti, nikaingia ofisini nikafunga mlango. Muhula ulipokwisha niliandika barua ya kustaafu.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwake. Anachomelea mageti pale sokoni Kikima. Alizima mashine, akavua miwani, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alisikiliza, akasema, "Mwalimu, mimi nilijua kwamba unajua. Siku ile nilipoleta mtoto, nilikuona usoni."

Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema si yeye aliyepaswa kusema.

Nilidhani nimemaliza, nikageuka niende. Akaniita. "Mama yangu bado anaamini niliiba. Umwambie yeye."

Tukaenda kwa miguu, mimi na fimbo yangu, yeye na nguo zake za kazi. Mama yake ana karibu miaka themanini na masikio yameziba. Nilimwambia kwa heshima, karibu naye, akasema hajasikia. Nikarudia kwa nguvu zaidi, akasema nani ameiba. Mara ya tatu nilisimama, nikasema kwa sauti ile niliyotumia gwarideni, kwamba Nzioka hakuiba, kwamba mimi nilijua na nikanyamaza. Kuku wakakimbia. Watu waliokuwa barabarani wakasimama kutazama kuna nini.

Mama yule akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, akanyoosha mkono akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto.

"Sasa nimesikia," akasema.

Shangazi yako,
Ndunge